Tahariri: Maji ya kuoshea dhahabu yana mali na sumu, Tshopo ivihesabu vyote viwili

Kapalata haijulikani kwa dhahabu. Anayelitaja jina hilo mjini Kisangani humkumbusha msikilizaji kambi ya kijeshi, na hasa mwaka 1997, vijana wa Mai-Mai kutoka Kivu walipokusanywa humo na wengi wao wakafa kwa kipindupindu na njaa. Kipindupindu ni ugonjwa wa maji machafu. Wazee wa mtaa hawahitaji kufundishwa kwamba maji yasiyoangaliwa na mtu yanaweza kuua kama risasi. Na mwaka 2025 kipindupindu kilirudi tena katika mkoa wa Tshopo.

Lakini kuna maji machafu ya aina nyingine ambayo hayaleti kuhara wala kutapika siku ya kwanza. Ni maji yanayotoka kwenye mashimo ya kuoshea dhahabu huko Banalia, Bafwasende na kwingineko mkoani. Ni maji yanayobaki kwenye beseni baada ya mchanga kuchanganywa na zebaki. Rangi yake ni ya udongo, hayana harufu ya kutisha, na yakimwagwa kwenye kijito hupotea machoni mara moja. Ndani yake hubaki vitu viwili: chembe za dhahabu ambazo mchimbaji ameshindwa kuzikamata, na sumu aliyotumia kuzitafuta.

Swali lililo mbele ya Tshopo ni rahisi kulitamka. Maji hayo na tope lake ni mali ya nani, na ni mzigo wa nani? Mpaka sasa jibu la vitendo limekuwa kwamba mali itamfuata yeyote atakayekuja na mtambo, na sumu itabaki kwa anayekaa chini ya mto. Jibu hilo lazima libadilike, na mahali pazuri pa kuanzia ni katika mitaa ya kawaida ya Kisangani kama Kapalata, ambako dhahabu hupita na samaki huliwa.

Kilichomo ndani ya maji

Kwanza ni vizuri kuelewa kinachozungumzwa, maana kuna maneno mengi ya uongo sokoni kuhusu "kutoa dhahabu kwenye maji".

Dhahabu ya mtoni haiyeyuki katika maji ya kawaida. Mchimbaji anapoosha mchanga kwenye ubao wenye zulia, chembe nzito hukwama na nyepesi huchukuliwa na maji. Zile zilizo laini kama unga wa muhogo huelea ndani ya tope na kuondoka. Hapo ndipo hasara ya kwanza inapotokea. Ya pili hutokea kwenye zebaki. Zebaki hushika dhahabu inayogusana nayo, ikatengeneza kidonge cha kijivu ambacho huchomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Kwenye miamba iliyosagwa, njia hii inaweza kuacha zaidi ya nusu ya dhahabu yote ndani ya mabaki. Zebaki nayo huvunjika vipande vidogo mno na kuingia kwenye tope hilohilo.

Mabaki hayo Watanzania wa Geita na Chunya huyaita marudio, na neno hilo limebeba maana yake: ni mchanga ambao mtu hurudi kuutafuta. Wanaojua biashara hawautupi. Huulimbika, huupima, huuuza. Hapa kwetu mara nyingi huachwa kando ya mto, na mvua ya Septemba huja kumalizia kazi.

Aina ya pili ya maji ni yale yaliyotiwa kemikali. Sayanidi ikichanganywa na maji na kupitishwa kwenye mchanga wenye dhahabu, huiyeyusha kabisa. Hapo dhahabu huwa ndani ya maji kweli, kama chumvi ndani ya mchuzi, na haionekani kwa macho. Viwanda vikubwa hufanya kazi hivyo. Mgodi wa Kibali huko Haut-Uele, eneo lililokuwa ndani ya mkoa mmoja na Kisangani hadi mkoa wa Orientale ulipogawanywa mwaka 2015, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013 na hutumia sayanidi. Asilimia 45 ya mgodi huo ni ya Barrick, asilimia 45 ya AngloGold Ashanti, na asilimia 10 ya kampuni ya taifa SOKIMO.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Tope la mtoni hutegwa kwa mabwawa ya kutulizia. Maji ya kemikali huhitaji mtambo. Anayekuja mtaani kuahidi kwamba atatoa dhahabu kwenye maji yoyote kwa dawa moja ya siri ni tapeli, na anapaswa kuulizwa maswali kabla ya kupewa hata faranga moja.

Jinsi mali inavyorudishwa

Elimu ya kukamata madini ya thamani kutoka maji ya viwandani si mpya na haina uchawi. Dhahabu iliyoyeyushwa hukamatwa kwa kaboni amilifu, yaani makaa maalumu yenye vitundu vidogo mno ambamo dhahabu hujishika. Makaa hayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na hata maganda ya kokwa za michikichi yanafaa. Njia nyingine ni kutia unga wa zinki ndani ya maji yaliyochujwa: zinki huyeyuka na dhahabu hujitenga. Kisha kuna njia ya umeme, ambapo madini huvutwa na kuganda kwenye bamba la chuma.

Fedha, ndugu wa dhahabu, hupatikana mahali ambapo wengi hawapafikirii. Hospitali inayopiga picha za eksirei kwa filamu hutumia dawa ya majimaji ya kuoshea filamu hizo, na dawa iliyokwisha kutumika huwa na gramu kadhaa za fedha katika kila lita. Ikipitishwa kwenye nyuzi laini za chuma, chuma huenda na maji na fedha hubaki. Wapiga picha wa studio za zamani waliijua biashara hii. Maji hayo yakimwagwa kwenye mfereji, hospitali hupoteza fedha na mfereji hupata madini mazito.

Kwa nini jambo hili lisemwe sasa? Kwa sababu ya bei. Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza katika historia. Wakia moja ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ilifika karibu dola 128. Kwa bei hiyo, tani moja ya mabaki yenye gramu mbili tu za dhahabu imebeba zaidi ya dola 250. Si zote zitatoka, na kuzitoa kuna gharama. Lakini mchanga uliokuwa hauna maana miaka 20 iliyopita leo una wateja, na wateja hao hawatachelewa kufika Tshopo. Wengine wameshafika. Wakazi wa Banalia wamelalamika kwa miaka kuhusu mashine zinazonyonya mchanga kutoka ndani ya mto Aruwimi na kuurudisha tope tupu.

Kolwezi ilishatufundisha

Taifa hili linajua vizuri kinachotokea mali inapoitwa taka. Kwa miongo mingi kiwanda cha kusafisha madini cha Kolwezi kilimwaga tope lake katika bwawa la Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Aliyepita hapo aliona uchafu. Wataalamu walipopima walikuta zaidi ya tani milioni 100 za mabaki yenye shaba ya karibu asilimia 1.5, na kobalti juu yake. Ni kiwango ambacho migodi mingi duniani inakitamani ikiwa bado haijachimba.

Baada ya hapo vita vya karatasi vilianza. Mwaka 2009 serikali ilifuta haki za kampuni ya First Quantum ya Kanada. Haki hizo zikaenda kwa wengine na kuishia mikononi mwa ENRC, ambayo mwaka 2012 ilikubali kulipa dola bilioni 1.25 ili kumaliza mgogoro na First Quantum. Mtambo wa Metalkol ulianza uzalishaji mwaka 2018. Kampuni zilidaiana mabilioni kwa ajili ya tope. Watu wa bonde la Musonoi, waliokaa na tope hilo kwa miaka yote, hawakuwa upande wowote wa hundi hiyo ya dola bilioni 1.25.

Historia ina kicheko chake pia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutawala shaba ya Katanga hadi ilipotaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966, haikufa. Mrithi wake ndiye Umicore wa Ubelgiji, jina lililochukuliwa mwaka 2001. Leo kiwanda chake cha Hoboken, karibu na Antwerp, hakitegemei mgodi. Hula mabaki ya viwanda vingine, simu mbovu na mitambo ya magari iliyochakaa, na kutoa dhahabu, fedha, platinamu na metali nyingine nyingi. Oktoba 2024, germani iliyotolewa kwenye lundo la mabaki ya Lubumbashi na kampuni tanzu ya Gécamines ilianza kusafirishwa kwenda kwa Umicore huyo huyo. Babu alichimba mwamba, mjukuu ananunua kilichobaki.

Hakuna ubaya kuuza. Ubaya ni kuuza bila kujua unauza nini. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mabaki ya dhahabu ya Tshopo halijafunguliwa.

Kisangani ina sababu ya pekee ya kulifungua. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mji huu kwa siku sita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo dola milioni 60 zilikuwa kwa ajili ya maliasili, dhahabu ikiwemo. Taifa lilikwenda hadi The Hague kudai dhahabu iliyoondoka kwa bunduki. Haiwezekani taifa hilohilo lisijue ni dhahabu kiasi gani inaondoka kila mwaka na maji.

Pupa inaweza kuua

Hata hivyo, kuna hatari katika kuhubiri utajiri wa taka. Kijana asiye na kazi akisikia kwamba tope lina dhahabu, atalitafuta tope. Atauliza ni dawa gani inatumika, na dawa ataipata. Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea.

Mabaki yaliyokwisha kupita kwenye zebaki yakitiwa sayanidi, zebaki nayo huyeyuka pamoja na dhahabu. Sehemu yake huingia mtoni ikiwa katika hali inayosambaa kwa urahisi. Sayanidi peke yake ni sumu kali, lakini jua na hewa huivunja kadiri siku zinavyopita. Zebaki haivunjiki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, umeitaja njia hiyo ya kutia sayanidi kwenye mabaki yenye zebaki kuwa miongoni mwa mazoea mabaya ambayo nchi zinapaswa kuyaondoa. Umeyataja pia mengine mawili ambayo yangetambulika mara moja katika mji wowote wa dhahabu: kuchoma kidonge cha zebaki hadharani, na kukichoma kwenye makazi ya watu.

Jina la mkataba huo si la bahati. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki baharini kwa miaka mingi. Samaki waliila, paka wakawala samaki na kuanza kucheza ngoma ya kifo, kisha ikaja zamu ya watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kiliendelea na uzalishaji huo hadi mwaka 1968. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika mishipa ya fahamu, kwa sababu zebaki ilivuka kondo la nyuma na kumfuata mtoto tumboni.

Tshopo ni mkoa wa walaji samaki. Wavuvi wa Kiwagenya wanatega mitego yao kwenye maporomoko ya Boyoma kama babu zao walivyofanya, na samaki wao wanaingia kwenye maboke ya mji mzima. Zebaki inayomwagwa mbali juu ya mto haisomi mipaka ya wilaya. Ikifika kwenye tope la chini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi sahani. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilisema uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kutoa zebaki hewani, kwa kiasi cha karibu asilimia 38.

Wakubwa nao si salama. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki la kampuni ya Sino-Metals Leach karibu na Chambishi nchini Zambia lilipasuka. Maji yenye asidi yaliingia kwenye vijito na kufika mto Kafue. Samaki walikufa, mazao yaliungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Kampuni ilikuwa na leseni, wahandisi na mitambo. Kilichokosekana ni ukuta imara na jicho la kuutazama.

Hata Hoboken, penye sheria kali za Ulaya, wazazi wanaokaa jirani na kiwanda cha Umicore walishtuka mwaka 2020 vipimo vilipoonyesha risasi nyingi katika damu ya watoto wao. Kampuni ikajitolea kununua nyumba zilizo karibu ili watu wahame. Somo ni moja: kurudisha madini kutoka taka ni kazi nzuri, lakini si safi kwa jina lake tu. Husafishwa na usimamizi.

Kupiga marufuku hakutoshi

Wapo watakaosema suluhisho ni moja: serikali ipige marufuku zebaki na sayanidi, iwakamate wanaokaidi, na mambo yaishe. Ni maneno yanayopendeza kwenye redio. Lakini mchimbaji wa Bafwasende anayelisha familia kwa gramu chache hatasimama kwa sababu ya waraka uliobandikwa ofisini Kisangani. Atahamia ndani zaidi msituni, zebaki atainunua kwa bei ya juu zaidi, na askari atapata mlango mpya wa kudai kitu kidogo. Marufuku isiyo na njia mbadala humtajirisha anayesimamia kizuizi.

Wapo pia watakaosema kazi hii wapewe wawekezaji wakubwa, maana wao wana fedha na ujuzi. Hoja hiyo ina uzito. Mtambo wa kukamata dhahabu kwenye maji ya kemikali si wa kujengwa nyuma ya nyumba, na haufai kabisa kujengwa nyuma ya nyumba. Lakini mwekezaji atakuja kwa masharti atakayoyakuta. Akikuta mkoa usiojua mabaki yake yako wapi na yana kiasi gani, atajiandikia masharti mwenyewe. Kolwezi ni shahidi.

Sheria yenyewe ina pengo linalopaswa kuzibwa. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imewapa Wakongo pekee haki ya uchimbaji mdogo, na imeweka kibali maalumu cha kuchimba mabaki. Kibali hicho kimeshonwa kwa vipimo vya kampuni. Ushirika wa wachimbaji wadogo ambao umelundika mabaki yake kwa miaka mitano hauna njia nyepesi ya kuyafanya yatambuliwe kuwa mali yake. Matokeo yake ni kwamba hana sababu ya kuyahifadhi. Mtu hatunzi kitu anachojua kitachukuliwa na mwingine. Anakimwaga.

Na hapo ndipo mali na sumu vinapokutana. Mchimbaji akiwa na uhakika kwamba tope ni lake na lina mnunuzi, atalizuia lisiende mtoni bila kupigiwa kelele na yeyote. Faida yake itafanya kazi ambayo polisi elfu hawataiweza.

Kazi ya kuanza nayo

Hakuna sababu ya kusubiri mpango wa miaka 10 kutoka Kinshasa. Yapo mambo ambayo mkoa, mji na vyama vya ushirika vinaweza kuyaanza.

La kwanza ni kupima. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kitivo cha sayansi na wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Mkoa uwape kazi: wachukue sampuli za maji, tope na samaki kutoka Aruwimi, Tshopo na mto mkubwa, kila msimu, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili na Kilingala kwenye soko, kituo cha afya na ofisi ya mtaa. Mama wa Kapalata anayenunua samaki ana haki ya kujua kilichomo kabla ya waziri kujua.

La pili ni kuondoa moshi wa zebaki majumbani. Ritoti, chombo kidogo cha chuma chenye bomba la kupoozea mvuke, hukamata sehemu kubwa ya zebaki na kuirudisha itumike tena. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kuitengeneza. Mnunuzi yeyote wa dhahabu anayeomba leseni Kisangani aonyeshe kwanza kwamba anayo, kwamba anachomea mahali penye hewa na pasipo na watoto. Huduma ya serikali ya kusaidia uchimbaji mdogo, SAEMAPE, ipo kwa kazi za namna hii.

La tatu ni kuiacha zebaki kabisa panapowezekana. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wamekuwa kwa miongo kadhaa wakitenga dhahabu kwa uzito wake na kuiyeyusha kwa boraksi, kitu ambacho mafundi wa kuchomelea shaba wanakifahamu. Njia hiyo inataka uvumilivu na mchanga uliosafishwa vizuri kwanza. Haifai kila mwamba. Inapofaa, huondoa sumu na mara nyingi humwachia mchimbaji dhahabu zaidi.

La nne ni mabwawa ya kutulizia. Mashimo mawili au matatu yanayofuatana, maji yakipita polepole kutoka moja hadi jingine, hutosha kuliacha tope chini na kuyarudisha maji yaoshe tena. Hayahitaji umeme, jambo la maana katika mji ambao bwawa la Tshopo lililoachwa na Wabelgiji limeshindwa kuutosheleza. Tope linalobaki liandikwe: limetoka wapi, ni kiasi gani, limepita kwenye zebaki au halijapita. Hilo ndilo daftari.

La tano, na hili lisiwe na mjadala, ni mstari mwekundu juu ya sayanidi. Hakuna tangi la sayanidi kwenye makazi ya watu, hakuna karibu na kisima, na hakuna kabisa juu ya mabaki yenye zebaki. Siku Tshopo itakapopata mtambo wake, uwe mmoja wa pamoja, mbali na nyumba, wenye sakafu isiyovuja, unaokaguliwa na watu wa mazingira na wawakilishi wa wakazi, na wenye hisa za vyama vya ushirika. Kabla ya siku hiyo, anayeleta pipa la sayanidi mtaani achukuliwe kama anavyochukuliwa anayeleta baruti.

La sita ni fedha. Kanuni ya Madini inagawa mrabaha wa migodi mikubwa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mamlaka ya eneo husika na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni itakayopewa mabaki ya Tshopo italipa. Wananchi waambiwe mapema, kwa maandishi, fungu la mkoa na la eneo litafanya nini, na la kwanza katika orodha liwe maji safi ya bomba.

Maji yakimwagika

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Elimu ya kisasa imewasahihisha kidogo: dhahabu iliyomo ndani ya maji inaweza kuzolewa, ikiwa maji bado yako bwawani. Yakishaingia Aruwimi, wahenga wanabaki na haki yao yote. Hakuna kaboni wala zinki itakayoikamata zebaki iliyokwisha kuingia kwenye nyama ya samaki, wala kwenye damu ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Muda wa kuamua ni mfupi kwa sababu bei iko juu, na bei ikiwa juu wageni huja na papara huja nao. Serikali ya mkoa inaweza kungoja mpaka mwekezaji alete mkataba aliouandika mwenyewe, au inaweza kumpokea ikiwa na daftari mkononi, vipimo vya maji ukutani na vyama vya ushirika mezani.

Mwaka 1997 vijana walifia Kapalata kwa ugonjwa wa maji, wakiwa ndani ya kambi ya serikali. Mji uliozika watu wa namna hiyo haupaswi kuhitaji somo la pili ili ujifunze kuuliza kuna nini ndani ya maji, nani amekiweka, na nani atakitoa.